Kujua kwa moyo, je, ni kujua?

Kijana mmoja wa parokia yetu, anayesoma sheria katika chuo kikuu, alirudi nyumbani kwa likizo. Jioni alitutamkia kwa Kifaransa karatasi za profesa wake, ukurasa baada ya ukurasa, bila kukosa neno. Tulipomwuliza maana ya sentensi moja, alianza tena tangu mwanzo.

Tusimcheke. Sisi wenyewe, tulipokuwa seminari, tulijibu mitihani ya filosofia kwa maneno ya Kilatini ambayo hata nusu yake hatukuifahamu. Mwalimu aliamini kwamba tunajua, nasi tukamwacha aamini. Je, huo haukuwa uwongo? Kila neno lilikuwa la kweli, lakini kwa kuliandika tulikuwa kama tunasema: «Ndivyo tunavyofahamu.» Hilo halikuwa kweli.

Ugonjwa huu si wa Kongo tu. Katika miaka ya 1951 na 1952, Richard Feynman, Mmarekani mtaalamu wa fizikia, alifundisha Rio de Janeiro, nchini Brazili. Wanafunzi walitamka mara moja kanuni inayoeleza jinsi nuru inavyogeuka ikigonga kitu na kurudi. Alipowauliza wataiona wapi nuru ya namna hiyo, walinyamaza. Na bahari iling'aa pale nje ya dirisha! Ikabidi awaambie wayatazame maji kupitia kipande chembamba kinachoizuia nuru hiyo, wakikizungusha. Ndipo waliposhangaa.

Basi, tuache kushika kwa kichwa? Hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliihesabu kumbukumbu kati ya sehemu za busara. Lakini alimfananisha mwalimu na mganga: dawa husaidia, bali mwili wenyewe ndio unaopona. (Nasi hatujaona mgonjwa aliyepona kwa kutaja majina ya dawa.) Na profesa anayeuza karatasi zake, kisha katika mtihani akadai maneno yale yale tu, asimlaumu mwanafunzi peke yake.

Kesho yake tulimwomba kijana amweleze mama yake, kwa Kiswahili, ile sentensi. Alihangaika, mwishowe akasema: «Sheria mpya haihukumu mambo ya nyuma.»

Mama, ambaye huuza makala sokoni, akauliza: «Basi wakikataza makala leo, hawawezi kunifunga kwa ajili ya makala ya jana?»

Kijana alinyamaza kidogo. «Ndiyo, mama. Ni hivyo.» Akaenda kuzichukua karatasi zake, akaanza kuzisoma polepole.