Kukaa nako ni kipaji

Kukaa mahali pamoja nako ni kipaji. Clarence Gaines alifundisha mpira wa kikapu katika chuo kidogo cha Weusi huko Winston-Salem, North Carolina, Marekani, tangu 1946 hadi 1993, akashinda michezo 828. Mwaka 1967, mchezaji wake Earl Monroe akiwa uwanjani, timu yake ilitwaa ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, katika daraja la vyuo vidogo, wa kwanza kuchukuliwa na chuo cha Weusi. Tunawasifu mno makocha wanaohamia kwenye viwanja vikubwa. Lakini kijana anayeingia mwaka wa kwanza anamhitaji mtu atakayekuwepo hata mwaka wa nne, na Gaines alikuwepo, tangu enzi ambazo vyuo vikubwa vya Kusini mwa Marekani viliwafungia milango vijana Weusi.