Mwalimu na Haya ya Kurudi Darasani

Katika Surat Al-Kahf, ambayo Waislamu wengi huisoma kila Ijumaa, kuna kisa cha mwalimu aliyefunga safari kwenda kutafuta mwalimu. Hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari inaeleza chanzo chake. Nabii Musa alisimama kuwahutubia Wana wa Israili, akaulizwa ni nani mjuzi zaidi kati ya watu, naye akajibu kuwa ni yeye. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kutoirejesha elimu hiyo Kwake, akamjulisha kwamba penye makutano ya bahari mbili yupo mja anayejua asiyoyajua yeye. Musa akaondoka na kijana wake, na samaki ndani ya kapu awe alama ya njia.

Alipompata mja huyo, ambaye wanazuoni humwita Khidhr, aliomba kwa adabu amfuate ili afundishwe. Akaambiwa mapema kuwa hataweza kusubiri. Akaahidi kwamba atasubiri. Hakuweza. Chombo cha maskini kikatobolewa, akahoji. Kijana akauawa, akahoji kwa ukali zaidi. Ukuta uliokaribia kuanguka ukasimamishwa bila ujira, tena katika mji uliowanyima wageni hao chakula, akahoji kwa mara ya tatu. Hapo wakaachana.

Wafasiri wamekitumia kisa hiki kuzungumzia kadari, adabu ya mwanafunzi na mipaka ya akili ya binadamu. Kwa anayeshika chaki kina swali la karibu zaidi: kwa nini mtume, mwenye akili na nia safi, alishindwa kuwa mwanafunzi? Kilichomponza si ujinga, ni elimu yake. Musa alikuwa mtu wa sheria. Alijua kuwa kuharibu mali ya watu ni dhuluma na kuua nafsi isiyo na hatia ni haramu, kwa hiyo kila alichokiona njiani kilimkuta na hukumu tayari mdomoni. Anayeanza kusoma hana hukumu ya kuiweka kando. Mwenye elimu anayo, na hiyo hiyo ndiyo inayompa heshima mbele za watu.

Wizara, tume na vyuo vinapozungumza juu ya mwalimu kujiendeleza, mara nyingi huzungumza kama vile kazi yenyewe ni kuongeza: kozi juu ya kozi, stashahada juu ya cheti, shahada juu ya stashahada. Daraja linapanda, na mshahara ukijaliwa unapanda nalo. Kisa cha Musa kinadokeza kuwa sehemu ngumu ya elimu ya mwalimu iko upande wa pili, katika kushuka. Lazima akubali kwa muda kuwa mtu anayesahihishwa.

Kuna kushuka ambako dunia hukushangilia. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliandikishwa darasa la kwanza katika shule ya msingi mjini Eldoret, baada ya serikali ya Kenya kuondoa karo. Picha zake akiwa na kaptura na soksi za shule zilizunguka dunia, na mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumzia elimu. Alishangiliwa kwa haki. Lakini Maruge hakuwa na cheo cha ualimu cha kupoteza. Mwalimu mkuu mwenye miaka 25 kazini akienda kuketi dawati la nyuma katika darasa la mwalimu aliyeajiriwa juzi, daftari mkononi, hapigiwi makofi. Chumba cha walimu kitanong'ona: kuna nini? Ametumwa kumpeleleza kijana wa watu, au mwenyewe kaishiwa?

Haikuwa hivyo kila mahali. Pwani ya Afrika Mashariki imewahi kuwa na utaratibu ambao ndani yake msomi mkubwa aliweza kushuka bila kudharaulika. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa tayari kadhi wa Unguja katika zama za Sultani Barghash alipouacha ukadhi katika miaka ya 1880 akasafiri hadi Istanbul. Huko alikaa kwa Fadhl Pasha, mwanazuoni wa Kihadhrami, akiwa mwanafunzi wake. Kadhi, mtu ambaye neno lake lilimaliza kesi, alirudi kuketi chini na kitabu mapajani. Aliporejea Unguja alipokewa tena katika ukadhi na kusomesha, akaendelea hadi alipofariki mwaka 1925.

Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu, anaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Alikuwa na darsa zake, na chuo chake cha Ukutani, Mji Mkongwe, kilitoa masheikh wengi. Ibn Sumeit alikuwa karibu rika lake. Hata hivyo Bakathir alihudhuria kwake kama mwanafunzi, na wanafunzi wake mwenyewe wakiona. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ambaye naye alikuwa mwalimu wa shule za serikali Zanzibar kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kitabu juu ya wanavyuoni hao wa Kishafi. Humo kwa kawaida hamtaji mwanachuoni bila kumtaja na aliyemsomesha. Katika mila hiyo ya ijaza, yaani idhini ya kusomesha ambayo mwanafunzi hupewa na mwalimu wake, kuulizwa "umesoma kwa nani?" hakukuwa kuvunjiwa heshima. Mtu asiye na jibu ndiye aliyetiliwa shaka.

Shule ya kisasa haikurithi swali hilo. Ilirithi cheti, na cheti kina tarehe ya mwisho wa masomo.

Sasa zipo juhudi za kuifuta tarehe hiyo. Mwaka 2021 Tume ya Utumishi wa Walimu ya Kenya, TSC, ilizindua mpango unaomtaka mwalimu asome kwa moduli katika maisha yake yote ya kazi, na walimu wakaambiwa walipe wenyewe. Vyama vyao vilipinga vikali. Hoja yao haikuwa ya uvivu: mtu aliyekwisha fuzu na kusajiliwa anatozwaje ili abaki na haki ya kufanya kazi ileile? Tanzania imefuata njia ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo sehemu yake kubwa hufanyika shuleni penyewe. Walimu wanakutana katika jumuiya za ujifunzaji, wanachambua mada iliyowasumbua, wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha na wengine wanaketi nyuma kutazama.

Inafaa kusogea karibu na kitu kimoja ambacho mkutano kama huo unaweza kukichambua. Mwanafunzi wa darasa la sita anagawanya moja na robo tatu kwa nusu. Mwalimu amemfundisha kanuni: geuza sehemu ya pili, kisha zidisha. Jibu linatoka tatu na nusu, vema linapigwa. Kisha mtoto anauliza imekuwaje akagawanya akapata namba kubwa kuliko aliyoanza nayo. Mwalimu aliyefundisha kanuni hiyo miaka 20 anaweza kugundua papo hapo kwamba hajui. Anaijua kanuni, hajawahi kuijua sababu. Angekuwa na mfano wa dukani, kazi ingekwisha: sukari kilo moja na robo tatu, ikifungwa katika mifuko ya nusu kilo, inatoa mifuko mitatu na nusu. Kugawanya kwa nusu ni kuuliza nusu ngapi zimo. Wengi huchanganya na kugawana watu wawili, ambalo ni swali tofauti kabisa na lina jibu tofauti.

Hesabu hiyo hiyo aliitumia mtafiti Liping Ma katika kitabu chake cha mwaka 1999. Aliwauliza walimu 23 wa shule za msingi wa Marekani na 72 wa China. Wachina wote 72 walipata jibu, Wamarekani waliolipata kikamilifu hawakufika nusu. Na ilipofika kutunga mfano unaoeleza maana, pengo likawa kubwa zaidi. Cha kushangaza ni kwamba Wamarekani ndio waliokaa shuleni miaka mingi zaidi. Wachina wengi waliingia ualimu na elimu fupi, kisha wakaendelea kuisoma hesabu ya darasani wakiwa kazini, wakiketi na wenzao juu ya kitabu cha kiada, mada moja baada ya nyingine, mwaka hadi mwaka. Ma mwenyewe alianzia huko: wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni alipelekwa kijijini kutoka Shanghai akiwa kijana, akapewa darasa bila kusomea ualimu.

Tanzania inayo historia inayofanana na hiyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu, wakafundisha huku wakisomeshwa kwa vitabu vya masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowazungukia. Hadi leo "mwalimu wa UPE", yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, ni neno la kejeli katika midomo ya wengi, kama lilivyokuja kuwa "vodafasta", jina la walimu waliopewa mafunzo ya harakaharaka, miaka ya 2000. Kejeli hiyo ina ukweli ndani yake, kwa sababu wengi waliachiwa mzigo bila msaada wa kutosha. Lakini inabeba pia dhana iliyojificha, kwamba mwalimu halali ni yule aliyemaliza kwanza kusoma ndipo akaanza kufundisha. Kwa kipimo hicho hata Ibn Sumeit hangepita.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mzazi anayelipia sare na madaftari hataki mwanawe afundishwe na mtu anayetafuta. Anataka afundishwe na mtu anayejua. Mtoto wa miaka tisa anahitaji kuamini kwamba aliye mbele yake hababaishi. Na walimu wenyewe wanaweza kuongeza la kwao: mwenye darasa la watoto 90 na rundo la madaftari ya kusahihisha haulizwi vizuri kuhusu unyenyekevu wa kiroho. Anaulizwa vizuri kuhusu muda na nauli.

Pingamizi la pili halijibiwi kwa falsafa, linajibiwa kwa bajeti na ratiba. La kwanza linahitaji kutenganisha mambo mawili. Kujua mada ni jambo moja, na hapo hakuna msamaha: asiyejua sehemu asifundishe sehemu. Kujua kwamba njia niliyoizoea ya kuieleza mada ndiyo pekee, na kwamba asiyeelewa ana kasoro yeye, ni jambo jingine. Hiyo ndiyo hukumu ya Musa chomboni. Mtoto hapotezi imani kwa mwalimu anayesema "swali lako zuri, kesho nitakuja na jibu," mradi kesho aje nalo kweli. Anapoteza imani kwa yule anayemfokea ili asiulize tena.

Upande wa Ukristo upo mfano wa mwalimu aliyejisahihisha hadharani, tena akiwa kileleni. Augustino, askofu wa Hippo, katika Algeria ya leo, alianza maisha kama mwalimu wa ufasaha. Karibu na mwaka 426, akiwa na umri wa miaka 70 na ushei, vitabu vyake vikisomwa na kunukuliwa kama hoja za mwisho, aliketi kuvisoma upya kimoja baada ya kingine kwa mpangilio wa kuandikwa kwavyo. Alipitia kazi 93. Palipokuwa na kosa aliandika kwamba ni kosa. Palipofaa kutetewa alitetea. Hakuna aliyemlazimisha. Alikusudia kuzipitia na barua na mahubiri vilevile, akafariki mwaka 430 kabla ya kumaliza.

Augustino hakujiona amepungua kwa kazi hiyo, wala hakuvichoma vitabu vya zamani. Aliviacha visomwe pamoja na masahihisho, ili msomaji aone jinsi mwandishi alivyosonga mbele.

Malengo ya kitaaluma ambayo mwalimu huyajaza kwenye fomu kila mwaka yangeweza kuandikwa kwa namna hiyo. Badala ya "kuongeza ufanisi katika ufundishaji," sentensi ambayo haimsahihishi mtu yeyote, angeandika: nataka kujua kwa nini nusu ya darasa langu la tano wanaamini 0.12 ni kubwa kuliko 0.5, na nitajifunza kwa mwalimu fulani wa darasa la nne. Lengo kama hilo lina mada, lina mtu, na linaweza kukaguliwa mwisho wa muhula. Linahitaji kipindi kimoja kilicho wazi kwa wiki na mwenzako anayekubali kutazamwa. Kisha linahitaji mkuu wa shule asiyelihesabu kuwa udhaifu, na njia rahisi ya kuwahakikishia walimu hilo ni yeye kutangulia: aombe ruhusa ya kuketi nyuma ya darasa la mwalimu mgeni kuliko wote, na kwenye kikao cha Ijumaa awaeleze walimu wake alichojifunza.