Kadi Isiyoruhusiwa

Soko la Kariokor lina watu wanaokata tairi kuukuu kuwa soli za viatu, na sijawahi kumsikia fundi hata mmoja akiuliza kama kampuni ya tairi imekubali. Aliyenunua amenunua. Hata jina la mtaa limekatwa upya: lilikuwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwabebesha mizigo ya Vita Vikuu vya Kwanza, na midomo ya watu ikalichonga mpaka likakaa.

Sasa chukua laptopu. (Kipakatalishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili anasoma hii.) Mimi huwawekea majirani Linux. Kazi imeongezeka tangu Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10, maana mashine nyingi za mitumba tunazonunua tao ni za zamani mno kwa Windows 11, ingawa hazina ugonjwa. Unaweka Linux, skrini inawaka, kibodi inaitika, sauti inatoka. Halafu unatafuta waifai. Manze, hakuna. Ni kama kadi haikuwahi kuwekwa.

Kadi ya waifai ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Inataka draiva, yaani programu ya kuongea nayo, na mara nyingi inataka pia fimuwea, programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe ndiyo iamke. Draiva nyingi za Linux ziko wazi, yeyote anaweza kuzisoma. Fimuwea huwa imefungwa: kiwanda kinakupa faili, unaipakia, huoni ndani. Na mara nyingine faili hiyo inapatikana mtandaoni tu, mtandao ambao huna kwa sababu huna faili. Hapo ndipo unachomeka simu kwa waya wa USB na kuchoma bando zako.

Kuna rafiki yangu ambaye hagusi kitu kilichofungwa. Anasema ukikubali faili moja usiyoweza kuisoma, umemwachia mtu mwingine ufunguo wa nyumba yako. Namheshimu. Hoja yake ndiyo iliyofanya Linux iwe kitu cha maana, na hata mimi sipendi kuweka nisichokijua ndani ya mashine ya mtu.

Lakini alikuja jirani, dada anayeandika maneno ya rekodi za sauti kwa wateja wa ng'ambo. Bila waifai hali. Tukajaribu njia safi kwanza: kadi ya zamani ya Atheros, aina inayotumia draiva ya ath9k na haidai fimuwea yoyote. Mia sita, mkononi. Tukafungua mashine, tukabadilisha, tukawasha. Kabla hata ya Linux kuanza, maandishi yakatokea kwenye skrini nyeusi: kadi hii haijaruhusiwa, iondoe.

Haijaruhusiwa na nani? Laptopu ni yake. Kadi ni yake. Kampuni iliyoitengeneza mashine iliacha ndani orodha ya kadi inazozikubali, na orodha hiyo ilikuwa bado inafanya kazi miaka mingi baada ya kampuni kulipwa. Kwa tairi, mauzo yanaisha siku ya kuuza. Hapa muuzaji bado yuko sebuleni.

Tukarudisha kadi ya kwanza, nikaipakia ile faili iliyofungwa, na jioni hiyo akatuma kazi.

Rafiki yangu aliniambia nimesaliti. Sikubali. Anayestahili kuulizwa ni aliyefunga, si mwenye njaa aliyepita mlango uliokuwepo. Usafi wake una bei, na si yeye angeilipa; angelipa huyo dada, kwa siku za kazi. Debian, walioshika msimamo mkali kuhusu programu huru tangu miaka ya tisini, walipiga kura mwaka 2022 kuruhusu fimuwea iliyofungwa ndani ya kisakinishi chao rasmi, na Debian 12 ikatoka hivyo 2023. Sidhani walikosa imani. Waliona watu wakigeukia mlangoni.

Hata hivyo, hapa ndipo rafiki yangu ananishika: mlango uliopo ulifunguliwa na wabishi kama yeye. Chipu za Broadcom zilikuwa maarufu kwa ukimya. Watu wa kujitolea wakagawana kazi: kundi moja lilichunguza draiva ya kampuni na kuandika tabia yake, kundi lingine likasoma maelezo hayo tu na kuandika draiva mpya, b43. Mwaka 2010 Broadcom wenyewe wakatoa draiva ya wazi kwa chipu zao mpya. Fimuwea ikabaki imefungwa. Nusu mkate, lakini wangeridhika na kipande cha kwanza, hata hiyo nusu nisingekuwa nayo ya kumwekea mtu.

Kwa hiyo kuna deni, na sioni linalipwa kwa kunyamaza. Sasa kila mashine inayotoka kwangu ina karatasi iliyobandikwa chini, kwa Kiswahili: hii iko wazi, hii imefungwa, hii nimeiweka kwa sababu bila yake huna waifai, ukitaka niitoe sema. Wengi hawaisomi. Yule dada aliisoma yote amesimama, akafika mwisho, akauliza kama ile kadi ya mia sita naweza kumtafutia mnunuzi.