Nyumba ya Magurudumu na Suala la Umaskini wa Hiari

Nchini Marekani, kuishi ndani ya gari huhesabiwa kwa namna mbili zinazogongana. Serikali kuu, inapohesabu watu wasio na makazi, humweka anayelala garini kundi moja na anayelala bustanini au chini ya daraja. Wakati huohuo wapo wenye vani zilizokarabatiwa kwa zaidi ya dola 100,000, zenye kitanda, friji na bafu, ambao wanasema wamepata uhuru. Katikati wapo watu wa kipato kidogo, wengi wao wastaafu, wenye magari chakavu na akiba isiyofika mbali. Wakiulizwa kwa nini wanaishi hivyo, mara nyingi hutoa majibu mawili kwa pamoja: kodi ya nyumba iliwashinda, na maisha haya wameyachagua. Swali linawahusu wao hasa. Je, umaskini unaweza kuwa wa hiari, na ukishakuwa wa hiari bado ni umaskini?

Vani ya bei nafuu kwa kawaida ni gari la mizigo lililokwisha kuchoka kwenye kazi nyingine, kwa mfano la fundi bomba au la kupeleka maua madukani. Sakafu hutandikwa plaiwudi. Kitanda cha mbao huinuliwa kiasi cha kuingiza makreti na madumu ya maji chini yake, juu kukawekwa godoro la sponji lililokatwa kufuata mkunjo wa bodi. Paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa na betri moja hutosha taa, simu na feni ndogo. Jiko ni la gesi, la kichwa kimoja. Choo ni ndoo ya lita 19 yenye mfuniko, mfuko wa taka na maranda ya mbao. Watu huoga kwenye kumbi za mazoezi, ambako ada ya mwezi ni ndogo kuliko bei ya chumba cha hoteli kwa usiku mmoja. Barua hupokelewa kwa anwani ya kulipia, mara nyingi katika jimbo la South Dakota ambalo halitozi kodi ya mapato.

Anayelala mjini huegesha giza likishaingia, akiwa amekwisha kupika na kupiga mswaki mahali pengine. Vipande vya kadibodi au sponji vilivyokatwa kwa kipimo cha kila kioo hupachikwa ndani ili mwanga wa simu usionekane barabarani. Alfajiri bati linachuruzika maji, kwani pumzi za mtu mmoja usiku kucha zatosha kulowesha ukuta mzima wa chuma, na godoro lisipoinuliwa kila siku huota kuvu upande wa chini. Dawa yake ni kuacha dirisha wazi kidogo hata kukiwa na theluji. Kama kuna hita ya gesi, jambo hilo ni la kufa na kupona, maana hewa ya kabonimonoksaidi haina harufu na humuua mtu akiwa usingizini. Kodi ya nyumba haipo, lakini mafuta, bima na matairi yapo. Na gia boksi ikifa, nyumba nzima inakwenda kulala gereji huku mwenyewe amebaki nje.

Wanafalsafa walioyasifu maisha ya namna hii ni wa zamani sana. Diogenes wa Sinope, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifanya mtungi mkubwa wa udongo kuwa malazi yake mjini Athens. Husimuliwa kwamba alipomwona mtoto akinywa maji kwa viganja alilitupa bakuli lake, akiona kumbe alikuwa bado amebeba cha ziada. Seneca, mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma, alimshauri rafiki yake Lucilius atenge siku chache za kula chakula duni na kuvaa nguo za kukwaruza, ili ajionee kwamba hali anayoiogopa haitishi. Henry David Thoreau alihamia kando ya bwawa la Walden, Massachusetts, mwaka 1845, katika kibanda kilichomgharimu dola 28 na senti kumi na mbili na nusu. Kitabu chake cha mwaka 1854 kina wazo ambalo ni vani kasoro magurudumu. Alikuwa ameona kando ya reli sanduku la kuhifadhia zana za vibarua, urefu futi 6 na upana futi 3. Akawaza kwamba mwenye shida angeweza kulinunua sanduku la namna hiyo kwa dola moja, akalitoboa matundu ya hewa, akalala humo bila kudaiwa na mwenye nyumba yeyote. Anasisitiza kwamba hatanii.

Watu hawa watatu wanakubaliana juu ya jambo moja: kinachomfunga mtu ni hofu ya ufukara kuliko ufukara wenyewe, na aliyewahi kuujaribu hashikiki kirahisi na bosi wala na mkopo. Hoja hiyo ina nguvu, na yeyote aliyewahi kuvumilia kazi ya kudhalilishwa kwa sababu ya kodi ya mwisho wa mwezi ataielewa bila kuelezwa. Lakini Seneca alikuwa na meza ya kurudia siku zake zikiisha, na zoezi lenye tarehe ya mwisho ni kitu kingine kabisa.

Imam al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, alilitazama suala hili kwa makini zaidi. Katika *Ihya Ulum al-Din* ufukara na zuhudi vimewekwa katika kitabu kimoja, ila havichanganywi. Fukara ni aliyekosa anachokihitaji. Zahidi ni yule mwenye uwezo wa kuipata dunia akaipa nyongo kwa ajili ya kilicho bora kuliko hiyo. Humo kuna kisa cha mwanachuoni Ibn al-Mubarak, ambaye mtu alimwita zahidi akakataa sifa hiyo. Zahidi, alisema, ni Umar bin Abdul-Aziz, khalifa aliyejiwa na dunia akaiacha, na yeye Ibn al-Mubarak ameacha nini? Kwa kipimo hicho, mstaafu asiyemudu kodi hawi zahidi hata vani yake ikiwa ndogo kiasi gani. Wala dini zenyewe hazikuusifu ufukara kwa kuwa ni ufukara. Mtume Muhammad alikuwa akiomba kinga ya Mwenyezi Mungu dhidi yake. Katika Biblia, Mithali sura ya 30, mwombaji anaomba asipewe umaskini wala utajiri, na sababu anayoitoa kuhusu umaskini ni ya mtu anayejua maisha: asije akaiba.

Hata hivyo, al-Ghazali hakuishia kwenye mgawanyo wa pande mbili. Alizipanga hali za asiyenacho katika ngazi tano. Juu kabisa yupo anayeikimbia mali hata ikimjia; kisha anayeridhika, asiyeipenda wala kuichukia; kisha mwenye kukinai, ambaye angependa kupata lakini hahangaiki nayo; kisha anayeitamani na kuihangaikia ila hana njia; na mwisho aliyebanwa na dharura, aliyekosa mkate au nguo. Ngazi hizi zina faida kubwa kwa mjadala huu, kwa sababu zinamruhusu mtu aingie kwa mlango wa dharura kisha akasogea. Hiari inaweza kuja nyuma ya tukio. Bob Wells, ambaye ndiye mwalimu anayejulikana zaidi wa maisha ya garini kwa gharama ndogo, aliingia kwenye gari huko Alaska mwaka 1995 baada ya ndoa kuvunjika, kwa kuwa mshahara uliobaki haukutosha kulipia nyumba ya pili. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alianza kwa machozi. Baadaye akaona kwamba hataki kurudi, na akawa anawafundisha wengine. Kumwambia mtu kama huyo kwamba hakuchagua, eti kwa sababu mwanzo alisukumwa, ni kumnyima uwezo ambao dini nyingi zinautambua kwa mwanadamu: kuyakubali yaliyompata na kuyafanya yawe yake.

Upande mwingine wa jambo hilo hauna uzuri wowote. Jessica Bruder, katika kitabu *Nomadland* cha mwaka 2017, aliwafuata watu wa makamo na wazee walioingia barabarani baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, wengine wakiwa wamepoteza nyumba, wengine akiba. (Filamu iliyotokana nacho, ya Chloé Zhao, ilishinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021.) Watu hao walivuna viazisukari, walisafisha vyoo vya kambi za watalii na walipakia bidhaa kwenye maghala ya Amazon msimu wa Krismasi. Mwajiri aliyepata vibarua wanaokuja na nyumba zao wenyewe, na kuondoka nazo kazi ikiisha, ameondolewa mzigo wa kufikiria wanalala wapi. Kukinai kwa mfanyakazi kunageuka punguzo kwa mwenye ghala. Fadhila ya mtu mmoja haiwezi kuwa kisingizio cha dhuluma ya mwingine, na wahubiri wa kuridhika, wa dini yoyote, wamekuwa wazito kulisema hilo mbele ya waajiri.

Lipo suala ambalo wasifiaji wa maisha ya kidogo hulipita haraka, nalo ni la mahali. Mtungi wa Diogenes ulikuwa katika eneo la hekalu la umma. Kibanda cha Thoreau kilisimama kwenye kiwanja cha rafiki yake Ralph Waldo Emerson. Watawa Wafransisko, waliokataa kumiliki chochote, mmoja mmoja na kama shirika, waliwezekana kwa sababu Papa Nicholas III alitamka mwaka 1279 kwamba mali wanayoitumia ni ya Kanisa la Roma, wao ni watumiaji tu. Papa John XXII aliuvunja mpango huo mwaka 1322 akihoji mtu atakulaje mkate bila kuumiliki. Mwaka uliofuata akatangaza kuwa ni uzushi kushikilia kwamba Kristo na mitume wake hawakumiliki kitu. Ugomvi ule huonekana wa kuchekesha hadi mtu atambue kiini chake: asiye na mali anaishi ndani ya mali ya mwingine, na mwenye mali anaweza kubadili mawazo.

Mji wa jangwani wa Quartzsite, Arizona, ambako wafuasi wa Wells wamekuwa wakikusanyika mwezi wa Januari tangu 2011, umezungukwa na ardhi ya serikali kuu. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo huruhusu kupiga kambi siku 14, kisha mtu ahame. Katika maeneo maalumu ya wakaaji wa muda mrefu, kibali cha kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15 kilikuwa dola 180 kwa miaka mingi. Huko nje ya mji vani ni makao halali. Ikiingia mjini hadhi yake inayumba. Mwanafalsafa Jeremy Waldron aliandika mwaka 1991 kwamba kila tendo la binadamu lazima litendeke mahali fulani. Asiye na mahali pake hutegemea pa wote, na pa wote pakikatazwa kulala, basi huyo hana uhuru wa kulala, hata katiba iwe imeandika nini. Mwaka 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba kuwaadhibu wanaolala nje katika maeneo ya umma si adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba.

Mahakama hazijakubaliana hata juu ya vani yenyewe ni kitu gani. Mwaka 1985, katika kesi ya Carney, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema polisi wanaweza kupekua gari la kuishi bila hati, kama gari lolote, kwa kuwa linaweza kuondoka. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ilisema lori ambalo mkazi mmoja wa Seattle alikuwa akilala ndani yake ni makazi yanayolindwa na sheria, na kwamba gharama alizotozwa baada ya lori hilo kukokotwa zilizidi kiasi. Kwa haki, kesi ya kwanza ilihusu faragha na ya pili madeni. Ila anayelala humo ni mtu mmoja, na usiku hulala na hukumu zote mbili.

Mafakihi wa Kiislamu walikutana na swali hili la nyumba inayotembea kabla ya injini, kupitia baharia anayeishi chomboni. Msafiri anaruhusiwa kufupisha sala na kula mchana wa Ramadhani. Je, baharia mwenye mke, watoto na tanuri lake ndani ya chombo ni msafiri? Imam Ahmad bin Hanbal alijibu hapana: chombo kikiwa ndiyo nyumba yake, hakuondoka nyumbani, basi akamilishe sala na afunge. Imam Shafi, anayefuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, alimruhusu kufupisha kwa kuwa kweli anasafiri, ingawa wanavyuoni wa madhehebu yake waliona bora akamilishe. Wakaongeza sharti linalowagusa wenye vani moja kwa moja. Msafiri wa kisheria ni mwenye mwisho wa safari unaojulikana, wa umbali wa marhala mbili, kiasi cha kilomita 80 na kidogo. Anayezurura bila kujua aendako hafupishi, hata akizunguka nchi nzima.

Katika zaka pia, msafiri aliyeharibikiwa njiani ana fungu lake, kwa aya ya 60 ya Sura At-Tawba, hata kama kwao ni tajiri, kwa sababu mali yake iko mbali naye. Mwenye vani ambayo gia boksi imekufa hana mali iliyoachwa mbali. Alichonacho chote kiko gereji. Akipewa zaka, atapewa kwa fungu la mafukara na maskini, na kwa fungu hilo haulizwi kama alichagua.