Heshima Yenye Risiti

Mwezi Machi 1996 ligi ya NBA ilimfungia Mahmoud Abdul-Rauf wa Denver Nuggets mechi moja. Kosa lake halikuwa la mchezo. Alikuwa amesilimu miaka mitano kabla, na msimu ule hakuwa akisimama wimbo wa taifa wa Marekani unapopigwa, akisema kwamba kwa watu wengine bendera ile ni alama ya dhulma. Kisha wakaafikiana: atasimama, lakini atainamisha kichwa na kuomba dua. Hata Waislamu walitofautiana juu yake. Hakeem Olajuwon, nyota wa Houston, aliona Mwislamu mwema anaweza pia kuiheshimu nchi anayoishi. Siamui kati yao. Swali langu linawahusu wale maelfu waliosimama.

Mwaka 2015 maseneta wawili wa Arizona, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti juu ya sherehe za kijeshi viwanjani: bendera kubwa kukunjuliwa, askari kuitwa mbele ya umati wapigiwe makofi, vijana kula kiapo cha jeshi hadharani. Watazamaji walidhani timu zinafanya hivyo kwa mapenzi. Kumbe katika mikataba 122 waliyoichunguza, 72 ilikuwa na mambo hayo, yamelipiwa na Wizara ya Ulinzi. Dola milioni 6.8. Mwaka uliofuata NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ilirudisha zaidi ya dola 700,000. Na McCain hakuwa adui wa jeshi: alikaa zaidi ya miaka mitano akiwa mfungwa wa vita Vietnam.

Utetezi ni kwamba jeshi linatafuta vijana wa kujiunga, na kila anayetafuta watu hutangaza. Sawa. Benki nayo hutangaza kando ya uwanja, na sijaona mtu akisimama na kuweka mkono kifuani kwa ajili ya benki. Tangazo likijulikana kuwa ni tangazo halimdanganyi mtu. Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika fungu la chakula, akakuta ndani kumelowa, hakumkataza mwenyewe kuuza. Alimuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Viwanjani, kilicholowa kilikuwa mkataba.

Aliyedhulumiwa ni nani? Mtazamaji, ndiyo, na mlipa kodi. Lakini mimi namfikiria kwanza askari mwenyewe. Amerudi kutoka vitani, amesimama katikati ya uwanja, umati unampigia makofi, anafuta machozi. Hajui kuwa dakika ile ina bei. Machozi ni ya kweli, na makofi pia, ila aliyewakutanisha alikuwa kazini. Halafu mchezaji mmoja akikaa kitako, yeye ndiye anayeulizwa nia yake; aliyepokea hundi haulizwi kitu.

Naandika haya kwa aibu kidogo. Ramadhani moja tulipeleka futari kwenye kituo cha mayatima, na mfadhili akataka bango lake lionekane katika kila picha. Tukawapanga watoto mbele ya bango, tukawaambia watabasamu. Walikula, wakashiba, wakatushukuru sana. Hakuna aliyewaambia kwamba picha ndiyo iliyoleta sahani.