Mali ya Serikali ni Mali ya Nani?

Wakatekumeni wapenzi, atwaaye mali ya Serikali anamwibia nani? Wengi hujibu: hamwibii mtu. Basi tutazame. Makaa ya mawe ya Luena yetu yalichimbwa kwa ajili ya kazi ya shaba. Mwaka 1967 migodi ya shaba ya Katanga ikawa mali ya Serikali. Fedha yake ililiwa na wakubwa miaka mingi; na mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 wakaondoka katika Gécamines, kampuni ya migodi hiyo, huku wakidai mishahara ya miezi mingi. Hao ndio walioibiwa.

Utasema: mbona nakemewe mimi kwa bati moja la shule? Dhambi ya wakubwa ni nzito kuliko yako, sikatai. Lakini mvua inyeshapo, pale ulipong’oa bati ameketi mtoto wa jirani yako.