Miaka Mitatu Bila Jina

Injili ya Jumapili hii ya tatu ya Kwaresima, Luka 13, tumeizoea kwa jina la mfano wa mtini usiozaa. Tunasahau mtini huo ulipandwa wapi. Ulikuwa ndani ya shamba la mizabibu, na aliyeutetea usikatwe alikuwa mtu wa mizabibu, mtu ambaye kungoja ndiyo kazi yake. Kwa hiyo leo naomba tukae kidogo na watu wa kazi hiyo. (Najua yupo atakayeuliza padre anatafuta nini kwenye mambo ya divai. Bila mkulima wa zabibu hakuna Misa, ndugu yangu.)

Katika vilima vya Chianti nchini Italia, kati ya Firenze na Siena, kuna kijiji kiitwacho Panzano. Chini yake kuna bonde linaloelekea kusini, wenyewe wanaliita Conca d'Oro, limejaa mizabibu, na wengi wa wakulima wake wamechagua kilimo hai. Katika vilima hivyo mashamba mengine ni madogo, ya familia. Mmoja anapogoa, mwingine anashika hesabu, wajomba na mashangazi wanakuja wakati wa mavuno, na juu ya ghala la mapipa kuna vyumba vichache vya wageni.

Mzabibu wa kule hulala majira ya baridi. Unapogolewa Januari na Februari, na joto likianza kurudi mwezi Machi, pale ulipokatwa hutoka maji, tone baada ya tone, kila ncha ya tawi na tone lake. Asiyejua atadhani mti umejeruhiwa vibaya, kumbe ni utomvu unapanda kutoka mizizini. Mavuno ni Septemba hadi Oktoba, basi. Sisi tumezoea Dodoma, ambako shamba moja linaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Chianti ukikosa, umekosa mwaka mzima.

Sasa chukua familia inayoamua kuachana na dawa za kuua magugu na mbolea za viwandani. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka ilime hivyo kwa miaka mitatu kabla zabibu zake hazijauzwa kwa jina la kilimo hai. Katika miaka hiyo inafanya kila kitu. Inapanda maharagwe na haradali katikati ya mistari ili kurutubisha udongo, inapalilia chini ya kila shina, inapita mstari kwa mstari kugeuza majani na kutazama upande wa chini, ambako ugonjwa huanzia. Gharama zinapanda, mavuno aghalabu yanapungua, na divai inauzwa bei ile ile ya jirani aliyepuliza dawa asubuhi akaenda zake kunywa kahawa. Chupa bado haina jina hilo.

Hapo ndipo wengi wetu tungekwama, maana tunapenda kushuhudia mapema. Mtu ameacha ulevi wiki mbili, tayari tumempa kipaza sauti. Kijana amerudi kanisani mwezi uliopita, tumemfanya mwenyekiti wa vijana. Halafu tunashangaa anapoanguka. Torati ilikuwa na subira kuliko sisi: Walawi 19 inakataza kula matunda ya mti kwa miaka mitatu ya kwanza, ya mwaka wa nne ni ya kumsifu Bwana, na mwaka wa tano ndipo mwenye mti anakula. Mwenye shamba wa Luka, aliyekuja miaka mitatu akihesabu hasara, ni mtu wa haraka kama sisi.

Na nani anailisha familia ile wakati jina halijaja? Mara nyingi ni mgeni. Italia ilitunga sheria yake ya kwanza ya kupokea wageni mashambani mwaka 1985, ikaiandika upya mwaka 2006, na sharti lake moja nalipenda sana: kilimo kibaki ndiyo kazi kubwa, na kipimo mojawapo ni muda unaotumika. Saa za shambani zizidi saa za kutandika vitanda. Vyumba vyenyewe vina historia yake. Nyingi za nyumba hizo za mawe zilikuwa za wakulima wa nusu kwa nusu, waliolala ghorofani huku ng'ombe wakilala chini, na nusu ya jasho lao ikienda kwa mwenye ardhi. Sheria ilikataza mikataba mipya ya namna hiyo mwaka 1964, lakini tayari watu walikuwa wanahamia viwandani na nyumba zinabaki tupu. Leo mgeni analala palipokuwa zizi. Analipia usiku wake, anaondoka na chupa kadhaa kwenye buti la gari, na fedha hiyo ndiyo inayolipa vibarua wa kupogoa. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, na kwa kawaida tunasema kwa utani, chapati zikiletwa. Katika shamba la namna hii ni hesabu ya daftarini. Mgeni anadhani amekuja kupumzika. Kumbe ameibeba familia nzima kuvuka mwaka wa pili.

Tusiwafanye wakulima hawa malaika, lakini. Hata wa kilimo hai hupuliza. Hutumia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na mrututu dhidi ya ule wa ubwirivinyoya, na shaba iliyomo kwenye mrututu haiozi, inakaa udongoni. Ndiyo maana imewekewa kikomo: kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Wenye bidii ya dini watauliza usafi gani huo. Mimi nimevutiwa na ile miaka 7. Mwaka wa mvua nyingi mkulima atatumia zaidi, mwaka mkavu atapunguza, na sheria inatazama jumla. Mwaka 2023 mvua ziligoma kukatika mwezi Mei na Juni, na ubwirivinyoya ukafyeka mavuno sehemu nyingi za Italia ya kati na kusini. Mrututu huoshwa na mvua. Wengi wa kilimo hai waliumia. Walioendelea, Januari iliyofuata walikuwa shambani na mikasi.

Kanisa la zamani nalo lilijua kungoja huku bila jina. Mapokeo ya Kitume, maandishi yanayonasibishwa na Hipoliti wa Roma, yanataja miaka mitatu ya kumfundisha mkatekumeni, na hapo hapo yanaongeza kwamba mwenye bidii apimwe kwa mwenendo wake kuliko kwa kalenda. Miaka hiyo mtu anaishi kama Mkristo na bado hajaitwa kwa jina lake la ubatizo.

Watakaobatizwa Pasaka hii tumewaombea, wamepata wasimamizi, hata vitenge vimeshonwa. Wakatekumeni wa mwaka wa kwanza na wa pili wamo humu humu parokiani, wanakaa viti vya nyuma, na wengi wetu hatujawahi kuwauliza wametoka wapi. Yule mtunza shamba wa Luka hakuomba mwaka mtupu. Alisema atauchimbulia mti ule na kuutilia samadi. Natafuta familia zitakazowakaribisha nyumbani, chakula cha jioni, mara moja kwa mwezi hadi Pasaka ya mwakani. Jina lako mpe katekista baada ya Misa, na useme siku gani mnakuwa nyumbani.